Bega la Mvushaji wa Mto Athi

Nilitoka Likoni alfajiri nikiwa na begi moja la mgongoni na barua kutoka kwa mtu aliyenifunza uokoaji wa majini. Hoteli niliyokuwa nikilinda waogeleaji wake ilikuwa imefungwa, na mimi si mtu wa kukaa nje ya lango nikisubiri lifunguliwe. Tangu nimalize kidato cha nne nilikuwa nimeshafanya kazi katika miji minne. Barua ilisema kuna zahanati karibu na Mto Athi, upande wa Ikutha, inayotafuta mtu anayejua majeraha ya maji. Niliisoma mara mbili. Nilichokuwa nikijua kuhusu Ukambani ni ukame.

Lori la chumvi lilinifikisha Mtito Andei mchana. Dereva alishuka kula, nami nikashuka naye. Aliposikia ninakoenda alicheka mpaka watu wa meza ya pili wakageuka.

"Unaenda kuokoa watu kwa maji Ikutha? Ndugu yangu, huko wanachimba mchanga ndio wapate ya kunywa!"

Mama aliyekuwa akitupakulia hakucheka. Aliweka sahani mezani, akapangusa mikono.

"Huyu hajaona Athi ikishuka," aliniambia, kana kwamba dereva hakuwepo. "Mvua inanyesha Nairobi, sisi huku tunaona jua, halafu mto unakuja na miti na ng'ombe wa watu. Wewe nenda. Kazi utapata."

Nililala Kibwezi, na siku ya pili nikapanda pikipiki hadi Ikutha, kisha njia ya vumbi kuelekea mtoni. Nilifika zahanatini saa saba mchana, nyonga zikiniuma, na kabla sijatua begi niliona jambo ambalo sijalisahau. Wanaume wanne walikuwa wamemshika mwanamume mzima kwa miguu, kichwa chini, wakimtikisa kama gunia wanalotaka kulimaliza mahindi. Alikuwa mnunuzi wa mbuzi. Mbuzi wake alikuwa amekokotwa na maji, naye akamfuata.

"Mshusheni!" Sauti ilitoka mlangoni. Alikuwa muuguzi msimamizi wa zahanati, mama mfupi mwenye miwani. Kila mtu alimwita Sista, na mimi pia nitamwita hivyo hapa.

"Sista, maji inatoka!" mmoja akajibu.

"Hiyo inatoka ni chakula ya asubuhi! Mshusheni!" Akaniona. "Wewe ndio mtu wa Pwani? Begi utaweka baadaye. Njoo hapa."

Nilipiga magoti. Hiyo ndiyo iliyokuwa siku yangu ya kwanza kazini, na ndilo somo la kwanza ninalowaachia ninyi mnaosomea huduma ya kwanza leo. Mtu aliyezama hahitaji kumwagwa maji; anahitaji hewa. Unamlaza chali, unanyanyua kidevu chake, unampulizia pumzi tano, na asipoanza kupumua unaanza kumbana kifua. Ukimning'iniza unapoteza dakika ambazo hakuwa nazo, na matapishi yanarudi mapafuni. Mnunuzi wa mbuzi alikohoa kwenye pumzi ya nne. Tulimgeuza kwa mlalo wa ubavu, yaani upande mmoja, goti limekunjwa, ili chochote kitakachotoka kinywani kianguke nje. Neno lake la kwanza lilikuwa kuuliza mbuzi yuko wapi.

Wale wanne walitaka kumbeba nyumbani papo hapo kwa kuwa alikuwa anaongea. Sista alisimama mlangoni na hawakupita.

"Mtu ametoka kwa maji akiongea, bado ni mgonjwa," alisema. Maji machache yaliyoingia mapafuni yanaweza kumgeuka saa kadhaa baadaye, akiwa kitandani kwake, wakati kila mtu amekwisha kushukuru Mungu na kwenda shambani. Kwa hiyo sheria ya Sista ilikuwa kumkalisha aliyeokolewa kwa muda wa saa nane akiangaliwa pumzi, rangi ya midomo na kikohozi. Familia hazikuipenda. Ukambani mtu akiponea kufa kanisa linakuja nyumbani kuimba, na mgonjwa lazima awepo. Ilinichukua msimu mmoja kuelewa kwamba hatungeshinda kwa kubishana. Nilimwendea mchungaji nikamwomba ibada ya shukrani ifanyiwe uani kwa zahanati. Tangu hapo waliimba chini ya madirisha yetu, nami nikawa nahesabu pumzi za mgonjwa kwa raha zangu, nikiitikia kibwagizo.

Nilidhani naijua kazi. Baharini nilikuwa nikitibu miiba ya samaki wa matumbawe, misuli iliyokaza, watalii waliochomwa na jua. Sista alinisikiliza nikijisifu siku mbili, kisha akaniambia, "Hapa hakuna mawimbi, mtu wa Pwani. Hapa kuna mashamba ya watu yanapita ndani ya maji." Alikuwa sahihi. Mto ukijaa unabeba visiki, seng'enge, mabati na matawi ya migunga yenye miiba mirefu kama kidole, na maji yenyewe yana rangi ya chai ya maziwa, huoni kinachokuja. Jeraha la mto halishonwi siku hiyohiyo, hata likiwa safi namna gani machoni. Linaoshwa kwa maji yaliyochemshwa na kupoa, mengi, mtungi mzima ukibidi, linafunikwa bila kushonwa, mgonjwa anapata sindano ya pepopunda, na baada ya siku tatu au nne, likiwa halina usaha, ndipo linashonwa. Niliwahi kushona moja mapema kwa sababu mgonjwa alikuwa bibi harusi. Alifunga ndoa mguu ukiwa umevimba, viatu vya kukodi vikabaki mkononi mwa msimamizi wake.

Sasa niwaeleze wavushaji, maana wao ndio waliokuwa wagonjwa wangu wa kudumu. Daraja la barabara kuu lipo, lakini kutoka kijiji chetu ilikuwa nusu siku kulizunguka. Mto ukijaa, soko, shule na shamba vinabaki ng'ambo. Hivyo kulikuwa na kikundi cha wanaume kumi na moja waliovusha watu kwa kuogelea. Abiria hulala kifudifudi juu ya mitungi miwili mitupu ya lita ishirini iliyofungwa pamoja. Mvushaji hushika kamba ya mitungi kwa mkono wa kushoto na kupiga maji kwa mkono wa kulia. Kwenda na kurudi, siku nzima, mkono uleule. Mwisho wa msimu wote walikuwa wakichanwa nywele na wake zao, kwa sababu mkono wa kulia haukupanda juu ya sikio.

Sista aliuita ugonjwa huo bega la mvushaji. Ndani ya bega kuna kano, kamba nyembamba zinazounga misuli na mfupa, na kamba hizo zikisuguliwa maelfu ya mara bila kupumzika huvimba, kisha huchanika. Dawa ya kijijini ilikuwa kulikanda kwa mafuta ya moto na kuuvuta mkono mpaka ulie ko. Ukilia, wanasema umerudi. Mimi nilianza kwa kuwapumzisha. Halafu niliwatundikia tyubu ya baiskeli kwenye nguzo, waivute polepole kwa kiwiko kilichobanwa mbavuni. Na asubuhi kila mmoja alisimama mbele ya ukuta wa zahanati akapandisha vidole juu kama mjusi, mkono mzuri kwanza, kisha mbovu, nami nikaweka alama ya makaa mahali kila mkono ulipofika. Sheria ilikuwa moja. Alama mbili zikilingana bila maumivu siku tatu mfululizo, unarudi majini. Zisipolingana, hurudi.

Nzioka alikuwa kapteni wao. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na kitu, mrefu, mwenye maneno machache na kiburi kingi, na alikuwa akiogelea vizuri kuliko mtu yeyote niliyemwona, nikihesabu na bahari. Kikundi kilikuwa na desturi yake ambayo sijaiona mahali pengine. Mafuriko yakipungua kiasi cha kuvukika, hakuna aliyeingia majini kabla ya kapteni kufungua mto. Kuufungua maana yake ni kumvusha, yeye mwenyewe, mtu mzee kuliko wote waliosubiri ukingoni siku hiyo. Akifika salama, wengine wanaanza kazi. Kapteni asiyeweza kufungua mto si kapteni tena. Anayefungua badala yake ndiye anachukua nafasi. Hawakupiga kura wala kufanya mkutano.

Bega la Nzioka lilikufa wiki chache kabla ya mvua za Novemba. Alikuja kwangu akiwa amelikunja kama bawa la kuku. Nilimwambia apumzike wiki nane.

"Wiki nane mto utakuwa umekuja na umeenda," alisema.

"Basi utafungua wa Aprili."

"Daktari, hujui hii mambo. Nikikosa mara moja, Muthama atafungua."

Muthama alikuwa mdogo wake kikazi, mtu mwema, mkono wa chuma. Sikuona ubaya wa Muthama kufungua. Nzioka ndiye aliyeuona, na kila siku alikuwa ukutani kabla yangu. Alama yake ilipanda. Wiki ya tatu, kidole cha mkono mbovu kilifika chini kidogo ya ule mzuri. Wiki ya nne zikalingana, siku moja, mbili, tatu. Nilifurahi. Niliamini mazoezi yangu yalikuwa yamefanya muujiza, na mtu anayejiamini hupenda muujiza akiona ni wake. Niliandika kwenye daftari: ameruhusiwa. Sista alikuwa Kitui kwenye mafunzo.

Mvua zilikuja, mto ukajaa, kisha ukashuka siku ya Jumanne. Watu walijaa ukingoni, na mzee kuliko wote alikuwa Susu Kalunde, bibi wa kijiji cha juu, aliyekuwa akienda kumwona mjukuu aliyezaliwa ng'ambo. Alilala juu ya mitungi huku akimkemea Nzioka. "Usinilowanishe leso, hii ni mpya!" Watu wakacheka. Nilikuwa nimesimama na begi langu la dawa, nimekunja mikono kama mwenye mto.

Katikati ya maji nikaona mkono wa kulia ukipiga, ukipiga, halafu ukabaki nyuma. Haukurudi mbele. Nzioka aligeuka ubavu. Gogo lilikuja, sikuona lilikotoka, likampiga begani. Hakuachia kamba. Hilo lazima niliseme. Alivutwa chini mara mbili na hakuiachia kamba mpaka Muthama, aliyekuwa ameruka bila kungoja ruhusa ya mtu, akaishika. Ndipo akaachia. Muthama alimfikisha bibi ng'ambo. Nzioka alienda na maji mpaka kwenye mkuyu ulioinama kwenye kona, akanasa matawini, na wavushaji wawili wakamfuata kwa kamba.

Nilimpokea ukingoni. Alikuwa anapumua, midomo ya buluu, jeraha la seng'enge pajani, na bega limetoka mahali pake. Unaona pembe pale palipotakiwa kuwa duara. Mtu mmoja aliushika mkono auvute.

"Usiguse!" Nilipiga kelele hata mimi nikashtuka. Bega lililotoka halivutwi ukingoni na mtu yeyote, hata fundi. Ukilivuta unaweza kukata mshipa wa fahamu na mkono ukafa kabisa. Niliufunga kifuani kwa leso mbili kama ulivyokaa. Nilimvua nguo zilizolowa, nikamfunika kifua na tumbo kwa blanketi kavu, nikakataza watu kumsugua miguu na mikono, kwa sababu ukisugua mikono na miguu unasukuma damu baridi kwenda kwenye moyo. Kisha tukampeleka hospitali kubwa ya Kitui akiwa amekaa nusu, nikihesabu pumzi zake njia nzima.

Sista alitukuta huko. Walikuwa wamemrudishia bega, amelala kimya. Alitazama daftari langu kwanza, halafu mgonjwa.

"Alama zililingana?"

"Zililingana, Sista. Siku tatu."

Nzioka alifungua macho. "Nilikuwa nasimama na vidole ya miguu," alisema. "Huyu alikuwa anaangalia juu."

Sista alivua miwani akaifuta kwa pembe ya gauni lake.

"Wewe nitakuadhibu ukipona," alimwambia. Kisha kwangu: "Mgonjwa hakuletei mkono peke yake. Analeta mkono na sababu ya kutaka kurudi kazini. Ukipima mmoja tu umepima nusu. Wewe ulijua hiyo sababu yake?"

"Nilijua."

"Basi."

Mwezi uliofuata alinituma Mbumbuni, upande wa Makueni, kwa miezi mitatu, chini ya mtaalamu wa viungo mstaafu aliyekuwa akiendesha kliniki karibu na bwawa la udongo ambako vijana wa shule walikuwa wakijitupa kichwa mbele kwenye maji mafupi. Huko nilijifunza shingo: namna ya kumtoa mtu majini akiwa kwenye ubao, kichwa kati ya mifuko miwili ya mchanga, bila kumgeuza wala kumkalisha, hata akiapa hana maumivu. Lakini nilikuwa nimeenda na swali moja tu, na siku ya pili nikalitoa. Nilimwuliza kama bega la namna ile linaweza kurudi mtoni.

Mtaalamu alikuwa akimenya chungwa. "Nyonga imekaa ndani ya kikombe," alisema. "Bega limekaa juu ya kisahani. Kinacholishikilia ni kamba na misuli tu. Likitoka mara moja, linapenda kutoka tena. Kwa hivyo usilifundishe bega. Mfundishe mtu."

"Vipi?"

"Ana mkono wa pili, ama hana?"

Nilirudi Ikutha na mpango. Nzioka alikuwa amekonda. Muthama alikuwa amefungua mto mara mbili, na hakuna aliyemwita Nzioka kapteni. Hakutaka kuniona. Nilikaa kwake uani siku ya kwanza, nikafukuzwa na mkewe. Siku ya pili nikapewa chai. Siku ya tatu nikamwambia Nzioka kosa lilikuwa langu kwa sababu daftari lilikuwa langu.

"Kisigino kilikuwa changu," alisema. Akatabasamu kidogo. "Haya, sema vile umekuja kusema."

Ilituchukua mwaka mmoja. Kwanza tyubu, kwa uvumilivu ambao hakuwa nao mara ya kwanza. Kila zoezi nilichuchumaa kumwangalia kuanzia chini, visigino, magoti, kiuno, ndipo mkono. Halafu, mto ukiwa mdogo na maji yako kifuani, nilimfunza kushika kamba kwa mkono wa kulia na kupiga kwa wa kushoto. Alikuwa kama mtoto anayejifunza kuandika upya. Alikunywa maji, alitukana, alizunguka mahali pamoja huku wavushaji wenzake wakilia kwa kicheko ukingoni.

"Nzioka, unatafuta nini hapo? Pete?"

"Mpe mbuzi amvushe!"

Muthama hakucheka. Siku moja aliingia majini kando yake, akashika kamba kwa kulia, akajaribu naye. Alizunguka pia. Baada ya hapo wote kumi na mmoja walijaribu, na kabla ya msimu kwisha ikawa sheria ya kikundi: unaenda na mkono mmoja, unarudi na mwingine. Tangu hapo mabega yaliyofika kwangu yalipungua mpaka nikawa na muda wa kulima mchicha nyuma ya zahanati. Kati ya kazi zote nilizofanya, hiyo ndiyo ninayoweza kuisema kwa sauti bila kuona haya.

Lakini Nzioka hakufungua mto. Alivusha kama mvushaji wa kawaida, wa tano au wa sita, vizuri, bila shida. Ukapteni ulikuwa wa Muthama, na desturi haikuwa na njia ya kuurudisha.

Nilikaa Ikutha miaka sita, muda mrefu kuliko popote maishani mwangu. Kisha zahanati ikapata msichana aliyesomea kazi hii chuoni, mwerevu, na mimi nilikuwa nimeanza tena kuiangalia barabara. Leo niko mbali na mto wowote. Nyinyi mnaoanza sasa mna vifaa ambavyo sisi hatukuvijua, na mnajua majina ya kano ambazo mimi nilizijua kwa kidole tu. Vizuri. Mimi naongezea jambo moja. Kupona kwa mwogeleaji hakuishii kwenye kiungo. Kunaisha siku anapoingia maji yaleyale yaliyomwumiza, na si wewe unayeichagua siku hiyo.

Siku niliyoondoka mto ulikuwa umejaa siku mbili na ndiyo kwanza ulikuwa unashuka. Sista alisema nizunguke kwa daraja. Nilimwambia nitapita kivukoni kuaga. Ukingoni kulikuwa na wanafunzi wa sekondari, wauza kuku wawili, na mama kijana mwenye mzigo. Wavushaji walikuwa wamekaa juu ya mitungi wakiyatazama maji.

Muthama aliinuka, akapima kwa fimbo, akarudi. Alimtazama Nzioka.

"Leo fungua wewe."

"Mimi si kapteni."

"Ndiyo nakwambia wewe. Mimi nimechoka kubeba wazee."

Nzioka alikaa kidogo, kisha akaanza kuvua shati. Akageuka kutazama waliosubiri, mmoja baada ya mwingine, wanafunzi, wauza kuku, yule mama, akitafuta mzee wa kuvusha. Macho yake yakasimama kwangu. Wengine nao wakageuka. Nilishika kidevu changu, na kweli ndevu zilikuwa nyeupe zaidi ya nusu.

"Aiya, daktari," mmoja wa wauza kuku akasema, "ndio wewe!"

Walicheka mpaka wanafunzi wakacheka. Nilitaka kusema kwamba nina miaka arobaini na sita tu. Badala yake nilifunga begi vizuri, nikavua viatu, nikalala juu ya mitungi. Maji yalikuwa baridi na yalinuka udongo wa mbali. Nimeokoa watu nusu ya maisha yangu, na ile ilikuwa mara ya kwanza mimi kuwa abiria. Nilishika kamba kwa mikono miwili, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Niliona mkono wake wa kushoto ukiingia majini, ukitoka, ukiingia, bila haraka.

"Wacha kukaza shingo," alisema bila kugeuka. "Unanivuta."

Nikailegeza.

Alinishusha kwenye changarawe ng'ambo, akapangusa maji usoni, akainua mkono kuelekea kwa wenzake. Ng'ambo ile nyingine wavushaji wakaanza kupanga abiria. Alinipa mkono wa kulia, ule uliotoka mahali pake, akanibana vidole mpaka vikauma, akarudi majini kwa sababu watu walikuwa wakingoja. Nilivaa viatu juu ya miguu iliyolowa, nikashika njia ya kwenda barabara kuu.